Superman wa 1938, maji moto wa mkorosho na mnyama wa Tendaguru

Ukurasa wa kwanza wa hadithi ya kwanza ya Superman, shujaa wa vitabu vya katuni, una kisanduku cha maelezo kilichobebeshwa kazi nzito kuliko gari lililoko kwenye jalada. Kinatakiwa kumweleza msomaji, kisayansi kabisa, kwa nini mwanamume aliyevaa chupi nyekundu juu ya suruali ya kubana anaruka maghorofa na kuzuia risasi kwa kifua. Mashahidi wake ni wawili tu. Wa kwanza ni sisimizi, anayebeba mzigo unaozidi uzito wake mara mia kadhaa. Wa pili ni panzi, ambaye mruko wake ukiupima kwa kimo cha binadamu unavuka mitaa kadhaa ya mji. Basi, maelezo yamekwisha, tugeuze ukurasa tuone ngumi.

Ngumi zipo za kutosha, nitazifikia. Lakini nilipokirudia kitabu hiki hapa Mtwara, mpwa wangu wa darasa la sita akichungulia begani, walionishika ni wadudu wale wawili. Mwenye mikorosho hawezi kuelezwa habari za sisimizi akanyamaza. Halafu jirani zetu wa Lindi wamefukua mifupa inayojibu swali lile lile kutoka upande wa pili kabisa, upande wa wakubwa. Ukiwaweka sawa hao wote, unaelewa kwa nini kisanduku kile kimekosea, na kimekosea kwa namna nzuri mno.

Kwanza kitabu chenyewe. Ni Action Comics namba 1. Jalada linasema Juni 1938, ingawa kilianza kuuzwa Aprili, kwa bei ya senti 10 za dola. Mtunzi ni Jerry Siegel na mchoraji ni Joe Shuster, vijana wa Cleveland, jimbo la Ohio, wote wakiwa na miaka 23. Walilipwa dola 130, na kwa malipo hayo hayo wakakabidhi haki zote za Superman. Mwaka 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Mkulima yeyote wa huku aliyewahi kuuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, kisha akasikia bei ya mnada, anajua wazee hao walijisikiaje baadaye.

Hadithi ina kurasa 13 na inakimbia utadhani inadaiwa. Sababu inajulikana. Siegel na Shuster walihangaika miaka kadhaa kuiuza magazetini kama katuni ya kila siku, kila mhariri anawarudisha. Aliyeikubali mwishoni alikuwa na kitabu cha kujaza, kwa hiyo vipande vya gazeti vikakatwakatwa na kubandikwa upya ili vitoshe kurasa za kitabu. Ndiyo maana tukio la kwanza linaanzia katikati: Superman yuko angani usiku, kambeba mwanamke aliyefungwa kamba, na wewe msomaji huna habari ni nani wala kafanya nini. Walioachwa na maswali mwaka 1938 walijibiwa mwaka mmoja baadaye, kurasa za mwanzo zilipochapishwa katika Superman namba 1.

Ukiunganisha vipande, mambo yako hivi. Mwanamke aitwaye Evelyn Curry anakaribia kuuawa kwa kiti cha umeme kwa kosa asilolifanya. Superman kamkamata muuaji halisi, huyo wa kamba, anamwacha kwenye bustani ya gavana kama kifurushi, kisha anagonga mlango. Mtumishi wa nyumba anamwambia arudi asubuhi. Hapo ndipo nampenda Superman huyu wa zamani: hana muda wa foleni. Anaung'oa mlango, anambeba mtumishi juu kwa juu hadi ghorofani, anakuta chumba cha gavana kina mlango wa chuma, anaurarua huo nao. Mtumishi anampiga risasi, risasi inadunda. Gavana, bado na nguo za kulalia, anasoma ushahidi na kupiga simu gerezani. Mpwa wangu akauliza swali ambalo hakuna mhariri wa 1938 aliyeliuliza: "Mjomba, si angepiga simu tangu mwanzo?"

Baada ya hapo ni mwendo kasi. Clark Kent, yaani Superman akiwa kwenye koti na miwani, anapata habari ofisini kwamba mume fulani anampiga mkewe. Anavua koti, anafika, anamtupa bwana ukutani. Bwana anachomoa kisu, kisu kinavunjikia mwilini kwa Superman, bwana anazimia. Kisha Clark anamtoa mwandishi mwenzake, Lois Lane, kwenda kucheza muziki. Jambazi aitwaye Butch anataka kumnyang'anya mwanamke katikati ya dansi, Clark anajifanya mnyonge, Lois anamzaba Butch kibao na kumwambia Clark kwamba ni mwoga. Butch na wenzake wanamteka Lois barabarani. Ndipo tunapata ile picha ya jalada: gari la kijani limenyanyuliwa juu na linapondwa kwenye mwamba. Kila mtu hutazama gari. Mimi humtazama jamaa wa pembeni kushoto, kashika kichwa kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anakimbia kuelekea nje ya picha kabisa. Huyo ndiye binadamu pekee mwenye akili timamu katika kitabu kizima. Butch mwenyewe anaishia kuning'inizwa kwenye nguzo ya simu.

Utaona kwamba hakuna mnyama wa kutoka sayari nyingine, wala bomu la kuangamiza dunia. Adui wa Superman wa kwanza ni hukumu isiyo ya haki, mume mkatili, kijambazi wa mtaani, na mwishoni seneta anayekula njama na mpambe wa wenye kutaka vita. Pia haruki kama ndege. Kuruka angani hasa kulikuja baadaye. Katuni za sinema zilizoanza mwaka 1941 zilichangia sana, kwa sababu mtu anayerukaruka kila baada ya sekunde tatu alichekesha kwenye skrini. Huyu wa 1938 kapewa mipaka kwa vipimo: anaruka moja ya nane ya maili, yaani karibu mita 200, anapita juu ya jengo la ghorofa 20, analipita treni la mwendo kasi. Uzuri wa mtu aliyepewa vipimo ni kwamba unaweza kumpigia hesabu.

Tuanze na sisimizi. Mikorosho mingi ya huku ina maji moto, wale wekundu-kahawia wanaoshona majani kuwa viota. Simama chini ya mti mmoja uwatazame wakifanya kazi. Jani likiwa mbali, wanashikana viuno mmoja nyuma ya mwenzake wakatengeneza mnyororo, wanavuta kidogokidogo mpaka kingo mbili zikutane. Kisha wengine wanaleta watoto wao, funza weupe wadogo, wanawashika mdomoni na kuwapitisha huku na huku kwenye ule mwanya. Funza anatoa uzi, jani linashonwa. Ukikosea ukashika tawi lao, utajua kwa nini wameitwa hivyo. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamewachunguza kama walinzi wa shamba, maana wanawawinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi na korosho changa.

Nguvu zao ni za kweli. Jamaa zao wa karibu wa Asia wamepigwa picha wakiwa wananing'inia kichwa chini kwenye kioo, huku wameshika mdomoni mzigo unaozidi uzito wao mara 100. Kwa hiyo Siegel hakudanganya kuhusu mdudu. Alichokosea ni kudhani kwamba ukimkuza mdudu, nguvu zake zinakua naye kwa kipimo kile kile.

Chukua boksi lenye sentimita 10 kila upande. Tengeneza la pili lenye sentimita 20 kila upande, urefu umeongezeka mara 2. Pima uso wake: umeongezeka mara 4. Lijaze mchanga: unaingia mara 8. Hapo ndipo penye siri yote. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, yaani eneo unaloliona ukiukata kwa upana, na eneo hukua kama uso wa boksi. Uzito wa mwili hutegemea ujazo, na ujazo hukua kama mchanga ule. Kila mwili unapokuzwa, uzito unaitangulia nguvu.

Sasa mkuze maji moto wa milimita 8 mpaka awe na mita 1.6, saizi ya mtu. Urefu umeongezeka mara 200. Misuli yake imekuwa na nguvu mara 40,000, jambo la kutisha. Lakini uzito wake umeongezeka mara 8,000,000. Ukigawanya, uwezo wake ukilinganishwa na uzito wake umeshuka mara 200. Aliyebeba mara 100 ya uzito wake sasa anaweza nusu ya uzito wake, na hiyo nusu haitoshi hata kumsimamisha. Angelala chini ya mkorosho miguu imetawanyika, hana habari na jani wala mbu. Mtu mwenye nguvu za sisimizi kwa uwiano wa haki asingemshinda Butch. Asingeweza kuamka kitandani.

Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1638, miaka 300 kamili kabla ya Superman. Yeye hakutumia sisimizi, alitumia mifupa: mnyama akiwa mkubwa mara nyingi, mfupa wake hautoshi kurefuka tu, lazima unenepe kupita kiasi, la sivyo unavunjika kwa uzito wa mwenyewe. Alichora mfupa wa namna hiyo, wa kufikirika, mnene wa kuchekesha.

Mfupa wa kweli wa namna hiyo ulikuwa Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko bara, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilifukua pale mifupa ya dinosaria. Majina yanayotajwa sana ni ya Wajerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi ilifanywa na mamia ya watu wa huku, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuupasua. Barabara haikuwepo. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na watu kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Kama mtu anatafuta mashujaa wa nguvu za ajabu waliowahi kupita kusini, mimi naanzia hapo, na hao hawakuchorwa na mtu. Angalau mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Boheti: Australodocus bohetii.

Mkubwa kuliko wote aliyesimamishwa Berlin anaitwa Giraffatitan. Kimo cha mifupa yake ni mita 13.27, na alisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, mwaka mmoja kabla Superman hajatoka. Makadirio mengi ya uzito wake yanaangukia kati ya tani 20 na 40. Mtazame alivyoulipia ukubwa huo. Mfupa wa mkono wa mbele, kutoka bega hadi kiwiko, unazidi mita 2. Miguu imenyooka wima chini ya mwili, haikupinda pembeni kama ya mjusi, ili uzito ushuke moja kwa moja ardhini. Mifupa ya shingo ina uwazi mkubwa ndani wa kupunguza kilo. Huyu hakuwa mtu wa kurukaruka. Hata tembo mzima, mdogo kwake mno, haruki. Akikimbia bado anaacha mguu mmoja chini.

Twende kwa panzi. Panzi mkubwa wa sentimita 5 akiruka mita 1 kajitahidi, na hiyo ni mara 20 ya urefu wake. Mpe mtu wa mita 1.8 uwiano huo huo, unapata mita 36. Hiyo haivuki mitaa kadhaa ya mji wowote. Pengine inavuka uwanja wa shule. Kwa hiyo hata kwa hesabu yake mwenyewe iliyokosewa, kisanduku kimetia chumvi. Ukweli ni mkali zaidi. Kilo moja ya misuli, iwe ya panzi, ya mtu au ya farasi, hutoa kazi inayokaribiana katika mkunjuo mmoja, na kazi hiyo inatumika kuinua kilo zile zile za mwili. Ndiyo maana wanyama wa saizi tofauti kabisa huinuka kimo kisichopishana sana. Panzi ana ujanja wa ziada wa kukaza kano za magoti na kuziachia ghafla, lakini ukimkuza awe kama mtu angeinuka karibu pale pale anapoinuka leo, usawa wa goti lako.

Superman yeye anataka mita 200. Ili afike, miguu inapoacha ardhi lazima awe na mwendo wa kilomita 160 kwa saa, mara mbili ya mwendo anaoruhusiwa dereva wa basi la Dar. Na mwendo huo anatakiwa aupate katika nusu mita tu, kutoka kuchuchumaa hadi kunyooka. Kwa mtu wa kilo 90, nyayo zake zinaisukuma ardhi kwa nguvu sawa na uzito wa tani 18. Washington, ambako hadithi inaishia, kuna zege. Hapa Shangani kwenye mchanga, steringi wetu angekita, akazama hadi kiunoni, na Lois angeendelea kutekwa.

Nadhani hata Siegel alihisi kisanduku kinayumba, maana mwaka 1939 aliongeza sababu mpya: dunia yetu ni ndogo kuliko sayari aliyotoka Superman, kwa hiyo mvuto wake ni mdogo na misuli inapata nafuu. Hiyo ni hoja bora mara kumi. Mvuto ukipungua kweli unaruka mbali, wanaanga wameonyesha mwezini. Ila ipigie hesabu. Mwanariadha hodari akiruka bila kukimbia anafika mita 3. Ili mita 3 za kwao ziwe mita 200 za huku, mvuto wa kwao lazima uuzidi wetu mara 67 hivi. Mtu wa kilo 80 kule angeelemewa kama mtu wa tani 5 huku. Na mwili wa kubeba tani 5 tumeshauona: miguu minene iliyonyooka wima, mifupa mipana, shingo fupi kama hana sababu ya kuirefusha. Shuster alimchora mwembamba kiunoni, mabega mapana, miguu ya mcheza soka. Mzaliwa halali wa sayari ile angekuwa mfupi, mpana, mapaja mazito. "Nguo zile zisingemwenea," mpwa wangu akahitimisha.

Baada ya kumsulubu hivyo, haki itendeke: kuna mahali kitabu kimepatia. Mhariri anamtuma Clark nchi ya kubuni ya San Monte, Amerika Kusini, kuandika habari za vita. Clark anapanda treni kwenda Washington. Mwandishi wa kwetu angetakiwa kurejesha masurufu, na sijui angeandika nini kwenye fomu, lakini kule hakuna anayeuliza. Anamnasa yule mpambe, Alex Greer, anambeba na kukimbia naye juu ya nyaya za simu. Greer analia kwamba watapigwa shoti. Superman anamjibu kwa utulivu wa mwalimu wa fizikia: mbona ndege wanatua kwenye nyaya hawafi, labda waguse na nguzo. Kisha anajifanya kutaka kuigusa nguzo, ili Greer azidi kutetemeka.

Hiyo ni sawa kabisa. Umeme hutiririka pale tu penye tofauti ya msukumo kati ya sehemu mbili. Kunguru akisimama kwenye waya mmoja, miguu yake miwili iko kwenye msukumo ule ule, na waya ulio katikati ya miguu ni njia rahisi kuliko mwili wake, kwa hiyo umeme hauna sababu ya kumpitia. Akigusa waya na nguzo ya chuma, au nyaya mbili kwa pamoja, tofauti imepatikana. Popo wakubwa wanaokula maembe hufa hivyo, kwa sababu mabawa yao ni mapana na yanaziba nafasi kati ya waya na waya. Greer alikuwa na bahati zaidi ya kunguru, kwani nyaya za simu za wakati ule zilikuwa na volti chache mno ukizilinganisha na laini za volti 33,000 za TANESCO.

Alichosahau Siegel ni kwamba waya una kazi nyingine, ya kutokatika. Watu wawili wenye jumla ya kilo 170, katikati ya nguzo zilizoachana mita 50, waya ukibonyea mita 1 tu, unavutwa kwa nguvu ya tani 2 na kidogo. Waya wa shaba wa milimita 3 unakatika kabla haujafika nusu tani. Wangeanguka wote wawili hatua ya kwanza, wakiwa salama kabisa kwa upande wa umeme.

Badala yake wanaendelea, na kwenye picha ya mwisho kabisa Superman, Greer mkononi, anaruka kuelekea jengo la jirani. Anakosa. Anasema amekosa, anasikitika kidogo, wanaporomoka kuelekea barabarani, na hadithi inakatwa hapo mpaka toleo la pili. Aliyepewa mita 200 kwenye ukurasa wa kwanza anashindwa kufika jengo la jirani kwenye ukurasa wa 13. Pengine alifanya makusudi kumtisha Greer. Lakini kuna maelezo mengine, na yanatokana na hesabu ile ile ya kilo: misuli ni ile ile, mzigo umekuwa karibu mara mbili, kwa hiyo umbali wa mruko unashuka karibu nusu. Mita 200 zimekuwa mita 100. Nilipomwonyesha mpwa wangu hiyo hesabu aliitazama picha upya, akamwonea huruma steringi, akasema dawa yake ni ndogo tu: angemwacha Greer kwenye nguzo, kama alivyomwacha Butch.